Namna ya Kuandika Wasifu wa Seneta Aliyepata Kuwa Balozi: Mfano wa Mike Mansfield

Kazi ya seneta huonekana hadharani: kura zake huhesabiwa, hotuba zake huchapwa, na magazeti ya jimboni kwake humfuatilia kila aendako. Kazi ya balozi huishia kwenye makabati, ambako telegramu hukaa miaka mingi kabla ya msomaji wa kawaida kuruhusiwa kuzifungua. Anayetaka kuandika wasifu wa mtu aliyeshika nyadhifa zote mbili hana budi kufanya utafiti wa namna mbili, na wasifu mwingi wa aina hii huharibika kwa sababu mwandishi ametumia njia moja kwa maisha yote ya mhusika, akamgeuza balozi kuwa mtoa hotuba, au akamgeuza seneta kuwa orodha ya kura.

Mwongozo huu unamtumia Mike Mansfield wa jimbo la Montana kama mfano. Aliingia Seneti ya Marekani mwaka 1953 na kutoka mwaka 1977. Kwa miaka 16, kuanzia 1961, alikuwa kiongozi wa wajumbe wa chama cha Democratic wakati chama hicho kikiwa na viti vingi, na hakuna kiongozi mwingine wa wengi aliyekaa muda mrefu hivyo. Mwaka huohuo wa 1977 Rais Jimmy Carter alimteua kuwa balozi nchini Japani, akabaki Tokyo hadi mwishoni mwa 1988, muda mrefu kuliko balozi yeyote wa Marekani aliyepata kutumwa huko. Anafaa kuwa mfano kwa sababu nyingine pia: alikuwa mtu wa maneno machache kupita kiasi, kiasi kwamba watangazaji wa televisheni walimwandalia maswali mengi kuliko wageni wengine wakijua kwamba jibu lingeweza kuwa neno moja. Mtu wa namna hiyo humlazimisha mwandishi kutafuta ushahidi nje ya hotuba.

Kupanga tarehe, kisha kutafuta uzi

Hatua ya kwanza ni kupata mfululizo wa tarehe usio na mapambo. Bunge la Marekani linayo orodha rasmi ya wasifu wa wabunge wake wote tangu mwanzo, nayo inapatikana bure kwenye intaneti. Kwa Mansfield mfululizo ni huu: alizaliwa New York tarehe 16 Machi 1903 kwa wazazi wahamiaji kutoka Ireland, baada ya mama yake kufariki alipelekwa kulelewa na ndugu wa baba yake katika mji wa Great Falls, Montana, mwaka 1918, kabla hajatimiza miaka 15, alidanganya umri akajiunga na Jeshi la Wanamaji, akafuata jeshi la nchi kavu, kisha kikosi cha Marine hadi 1922. Kutoka 1922 hadi 1930 alifanya kazi katika migodi ya shaba ya Butte. Alipata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Montana mwaka 1933 na ya uzamili mwaka 1934, akafundisha historia hapohapo, na mwaka 1942 akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi, alikokaa miaka kumi.

Orodha kama hiyo ina mashimo, na shimo kubwa hapa liko katikati ya mgodi na chuo kikuu. Mchimbaji ambaye hakumaliza hata darasa la nane alifikaje kuwa mhadhiri katika muda mfupi hivyo? Jibu ni Maureen Hayes, mwalimu wa shule mjini Butte, aliyemhimiza kurudi masomoni, akafunga naye ndoa mwaka 1932, na akavunja bima yake ya maisha ili fedha za masomo zipatikane. Mwandishi anayemtaja Maureen katika mstari mmoja wa "alioa mwaka fulani" anakuwa ameruka sababu yenyewe ya kila kilichofuata. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Montana inayohifadhi nyaraka zake mjini Missoula ina majina ya wote wawili, na la Maureen ndilo linalotangulia.

Baada ya mashimo, utafutwe uzi. Katika maisha ya Mansfield uzi ni Asia ya Mashariki: akiwa Marine alipelekwa Ufilipino na kwa muda mfupi China, chuoni alifundisha historia ya Mashariki ya Mbali, mwishoni mwa 1944 Rais Franklin Roosevelt alimtuma China kuangalia hali ya vita, katika Seneti alijishughulisha na Indochina, na akamalizia Tokyo. Uzi huo ni wa kweli, lakini usivutwe hadi ukatike. Kijana wa miaka 19 aliyekaa China majuma machache hakutoka huko akiwa mtaalamu, na kuandika kwamba ubalozi wa 1977 "ulianzia" katika meli ya 1922 ni kupamba. Ujuzi wake aliupata kwa vitabu na kwa kufundisha, na hilo linathibitika kwa hati za chuo.

Wakati mwingine tarehe mbili zikikutana hutoa jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Mansfield aligombea kwa mara ya kwanza mwaka 1940 akashindwa katika uteuzi wa chama. Kiti hicho kilichukuliwa na Jeannette Rankin wa Republican, ambaye mnamo Desemba 1941 alikuwa mjumbe pekee wa Bunge zima kupiga kura dhidi ya kutangaza vita na Japani. Rankin hakugombea tena mwaka 1942, na aliyerithi kiti chake ndiye aliyekuja kuwa balozi wa muda mrefu kuliko wote nchini Japani. Linafaa kutajwa katika aya moja, bila kulijengea nadharia.

Kura pekee haitoshi

Wasomaji wengi wa siasa hupenda kuanza na rekodi ya kura, na kwa kweli ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu haina utata: jina lipo upande wa ndiyo au wa hapana. Hatari ni kudhani kwamba kura ni msimamo. Tarehe 7 Agosti 1964 Seneti ilipitisha azimio la Ghuba ya Tonkin, lililompa Rais Lyndon Johnson uhuru mkubwa wa kutumia jeshi katika Vietnam. Kura zilikuwa 88 kwa 2. Waliokataa ni Wayne Morse na Ernest Gruening, Mansfield alikubali. Mwandishi anayesoma kura hiyo peke yake ataandika kwamba Mansfield aliunga mkono vita, na atakuwa na ushahidi mkononi.

Sasa fungua nyaraka za ndani. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huchapisha mfululizo mkubwa wa nyaraka za sera ya nje, nao wote uko wazi kwenye tovuti ya ofisi ya mwanahistoria wa wizara. Humo imo taarifa ambayo Mansfield alimwandikia Rais John Kennedy mnamo Desemba 1962 baada ya kutoka Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ikisema kwamba baada ya miaka saba na fedha nyingi za Marekani serikali ya Rais Ngo Dinh Diem wa nchi hiyo haikuwa imara kuliko ilipoanza, na kuonya kwamba Marekani ingeweza kujikuta imechukua nafasi waliyokuwa nayo Wafaransa, wakoloni wa zamani wa huko. Kuanzia 1964 alimwandikia Johnson mara kwa mara akipinga kupanua vita, na mnamo Februari 1965, kikao kilipokuwa kikijadili kulipiza kisasi kwa mabomu baada ya shambulio dhidi ya kambi ya Wamarekani huko Pleiku, Vietnam Kusini, Mansfield alisema mbele ya Rais kwamba hakubaliani. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa akikataa chumbani na kukubali ukumbini. Kiongozi wa wengi aliona kwamba wajibu wake kwa Rais wa chama chake ulikuwa kubishana naye faraghani na kutomvunja hadharani. Mwandishi anaweza kuuona wajibu huo kuwa uaminifu au kuwa woga, nami naelekea kuona kwamba kura ile ilimgharimu nguvu ambayo maandishi yake yote ya faragha hayakuweza kuirudisha. Lakini kwanza sharti pande zote mbili ziwekwe mezani.

Pia irudiwe nyuma zaidi. Diem huyohuyo aliyekosolewa mwaka 1962 alikuwa amepata mtetezi mkubwa katika Mansfield mwenyewe. Mwaka 1953 walikula chakula cha mchana pamoja Washington, kwa mwaliko wa William O. Douglas, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, na Kennedy alikuwapo. Mwaka uliofuata Mansfield aliandika taarifa iliyopendekeza kwamba Diem akiondolewa, Marekani ifikirie kusimamisha msaada mara moja. Taarifa ya 1954 na ile ya 1962 zisomwe kwa mkupuo mmoja, siku hiyohiyo ikiwezekana, kwa sababu kubadilika kwa mtu huonekana katika maneno aliyoacha kuyatumia. Isomwe pia taarifa aliyoitoa kwa umma mwanzoni mwa 1963, na ilinganishwe na ile ya siri: mambo mengi ni yaleyale, lakini makali yamepunguzwa.

Kumbukumbu rasmi zinavyoweza kudanganya

Seneti ina kumbukumbu zake za majadiliano zinazochapwa kila siku ya kikao, kama Hansard ilivyo Dodoma na Nairobi. Tofauti moja inafaa kujulikana mapema: wajumbe wa Bunge la Marekani huruhusiwa kusahihisha hotuba zao na hata kuingiza hotuba ambazo hawakuzitoa kwa mdomo. Mfano bora unamhusu Mansfield. Katika Novemba 1963 alikuwa akishambuliwa na maseneta wa chama chake kwamba uongozi wake ni legevu, akilinganishwa na Johnson aliyemtangulia, ambaye aliwakamata watu kwenye varanda na kuwabana hadi wakubali. Mansfield alitayarisha hotuba ya kujibu, akisema kwamba yeye ni hivyo alivyo na hatabadilika. Siku aliyopanga kuisoma ilikuwa Ijumaa, tarehe 22 Novemba. Kennedy aliuawa siku hiyo. Hotuba ikaingizwa katika kumbukumbu siku tano baadaye bila kusomwa, na Mansfield aliisoma kwa sauti kwa mara ya kwanza mnamo Machi 1998, akiwa na miaka 95, katika ukumbi wa zamani wa Seneti.

Mtu asiyelijua hilo ataandika kwamba mnamo Novemba 27 Mansfield alisimama akajitetea mbele ya wenzake, jambo ambalo halikutokea. Kwa hiyo hotuba yoyote yenye uzito ilinganishwe na gazeti la siku iliyofuata kabla ya kuelezwa kama tukio. Hotuba yenyewe, hata hivyo, ni ya thamani kubwa kwa mwandishi, maana ni moja ya mara chache Mansfield alipoeleza kwa urefu imani yake kwamba maseneta wote ni sawa na kwamba kiongozi hana mamlaka ila yale wanayompa wenzake.

Taratibu za kikao zisomwe kama matendo

Kwa mtu asiyesema sana, hoja za kiutaratibu ndizo hotuba zake. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, inaonyesha hivyo vizuri, na hapa mwandishi asione uvivu kukaa kurasa kadhaa.

Muswada ulipofika kutoka Baraza la Wawakilishi, njia ya kawaida ilikuwa kuupeleka kwenye Kamati ya Sheria, ambayo mwenyekiti wake, James Eastland wa Mississippi, alikuwa na sifa ya kuizika miswada ya aina hiyo. Mansfield aliuweka muswada moja kwa moja kwenye orodha ya shughuli za Seneti bila kupita kwenye kamati. Hakuna gazeti lingeweza kuliweka tendo hilo kwenye kichwa cha habari, lakini bila hilo muswada usingefika ukumbini. Maseneta wa kusini wakaanza kuuchelewesha kwa hotuba zisizokoma, kama kanuni zilivyowaruhusu. Johnson alipokuwa kiongozi aliwahi kujaribu kuwachosha wapinzani kwa vikao vya usiku kucha. Mansfield alikataa njia hiyo, akiona kwamba ingewachosha wazee wa upande wake na kuishushia Seneti heshima. Alisubiri. Kazi ya kuusimamia muswada alimwachia Hubert Humphrey, mnadhimu wa chama, na nafasi ya kuonekana mwokozi akamwachia Everett Dirksen, kiongozi wa Republican, ambaye kura za watu wake zilihitajika, kwa sababu kufunga mjadala kulihitaji theluthi mbili za maseneta waliopiga kura.

Tarehe 10 Juni 1964, baada ya Robert Byrd wa West Virginia kumaliza hotuba ya zaidi ya saa 14 aliyoianza jioni iliyotangulia, kura ilipigwa. Clair Engle wa California, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo na asiyeweza tena kusema, aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Jina lake lilipoitwa alinyanyua mkono akaonyesha jicho lake, na katibu akaandika ndiyo, kwa kuwa neno la Kiingereza la jicho na neno la kukubali hulingana kwa sauti. Matokeo yalikuwa 71 kwa 29. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Seneti kuufunga mjadala kwa ajili ya muswada wa haki za kiraia, na tarehe 2 Julai Johnson alitia saini.

Utafute jina la Mansfield katika masimulizi ya siku hiyo na utaliona kwa nadra. Kazi ya mwandishi ni kuonyesha kwamba kutoonekana huko kulikuwa uamuzi, na njia ya kuonyesha ni kufuata kila hoja aliyoiwasilisha, tarehe kwa tarehe, kuanzia Februari hadi Juni. Njia hiyohiyo itamsaidia kueleza kwa nini mwaka 1973 Mansfield alimpa Sam Ervin wa North Carolina, mwanasheria mzee asiyekuwa na ndoto ya urais, uenyekiti wa kamati iliyochunguza Watergate, kashfa iliyomwondoa Rais Richard Nixon madarakani.

Kuvuka kwenda ubalozini

Mwandishi akifika 1977 vyanzo vyote alivyovizoea hukauka. Hakuna kura wala majadiliano yaliyochapwa, na hotuba za balozi huandikwa kwa tahadhari hata zikafanana. Sentensi aliyoirudia Mansfield kila mahali, kwamba uhusiano wa Marekani na Japani ndio muhimu kuliko uhusiano wowote wa nchi mbili duniani, itajwe mara moja na kuachwa. Vyanzo vya kweli sasa ni vitatu: telegramu za ubalozi, mahojiano waliyofanyiwa baadaye maofisa waliofanya naye kazi, ambayo yamekusanywa na chama cha mafunzo na historia ya diplomasia karibu na Washington, na magazeti ya Japani.

Zichaguliwe kesi chache zenye mgogoro, kwa sababu balozi huonekana pale anapotofautiana na serikali yake au anapoisemea katika aibu. Ya kwanza ni kiwanda cha Tokai. Japani ilikuwa imejenga kiwanda cha kusafisha mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika ili kupata plutoniamu, na kwa kuwa mafuta hayo yalitoka Marekani ilihitaji kibali cha Washington. Carter, aliyeogopa kuenea kwa silaha, alikuwa mgumu. Mansfield alikuwa na majuma machache tu Tokyo alipomwandikia Carter kumtaka atafute suluhu, akieleza kwamba kwa Wajapani, wasio na mafuta yao wenyewe, jambo hilo lilikuwa la uhai wa nchi. Makubaliano ya muda yalifikiwa mnamo Septemba 1977. Msomaji aliyefuata sura ya Vietnam atamtambua mtu yuleyule: anapinga kwa maandishi, anamwandikia Rais mwenyewe, na magazeti hayajui.

Kesi ya pili ni ya tarehe 9 Aprili 1981, nyambizi ya nyuklia ya Marekani, USS George Washington, ilipoigonga meli ya mizigo ya Japani, Nissho Maru, ambayo ilizama na kuwaua watu wawili, nahodha na msaidizi wake. Wajapani walikasirishwa na ajali, na walikasirishwa zaidi na kucheleweshewa taarifa kwa zaidi ya siku nzima. Mansfield alipomkabidhi waziri wa mambo ya nje ripoti ya Marekani aliinama sana mbele yake, kwa adabu ya Kijapani ya kuomba radhi, na picha ikaenea nchi nzima. Hapa mwandishi asitosheke na picha. Achunguze ripoti ilikubali nini na ilinyamazia nini, na asome magazeti ya Tokyo ya juma hilo ili ajue kama wasomaji waliona kwamba kuinama kulitosha. Kwa desturi nyingine ya balozi huyu, ya kuwachemshia wageni kahawa mwenyewe badala ya kumwita mhudumu, sentensi moja inatosha.

Kesi ya tatu ni biashara, ambayo ni ndefu na kavu: magari, nyama ya ng'ombe, machungwa. Ndani yake ndimo lilimo lawama kubwa dhidi ya Mansfield, kwamba alikuwa akiieleza Japani kwa Wamarekani kwa bidii kuliko alivyoieleza Marekani kwa Wajapani. Lawama hiyo isifichwe. Ipimwe kwa makubaliano ya 1988 kuhusu nyama na machungwa, na kwa ukweli kwamba Ronald Reagan wa Republican, aliyekuwa na kila sababu ya kumweka mtu wake, alimbakiza balozi wa Democratic kwa muhula wake wote wa kwanza na karibu wote wa pili.

Mashahidi waliozungumza baadaye

Kenneth O'Donnell, msaidizi wa Kennedy, alisimulia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba Kennedy alimwambia Mansfield angeyaondoa majeshi yote Vietnam baada ya uchaguzi wa 1964. Simulizi hilo limenukuliwa mara nyingi mno. Lilitolewa wakati vita vimekwisha kuchukiwa na Kennedy hayupo tena kuulizwa, na wanahistoria bado wanabishania uzito wake. Likitumiwa, lielezwe ni nani aliyelisema na lini, na lisichanganywe na taarifa ya Desemba 1962, ambayo ni hati ya wakati wake. Kwa upande mwingine, mahojiano marefu ambayo ofisi ya historia ya Seneti ilimfanyia Francis Valeo, msaidizi wa karibu wa Mansfield kwa miaka mingi, yana thamani kubwa katika mambo ya utaratibu na safari, ingawa Valeo alimpenda bosi wake na msomaji ataliona hilo upesi.

Katika kugawa kurasa, Tokyo ipewe haki yake. Miaka zaidi ya 11 ni karibu nusu ya muda aliokaa Seneti, ilhali waandishi wengi huifanya kuwa mkia wa kurasa chache. Baada ya hapo imebaki sura fupi: Nishani ya Uhuru ya Rais aliyopewa mnamo Januari 1989, kazi ya ushauri kuhusu Asia ya Mashariki aliyoifanya katika benki ya Goldman Sachs, ambayo wapenzi wake husahau kuitaja na ambayo ni lazima itajwe, na kifo chake mjini Washington tarehe 5 Oktoba 2001, akiwa na miaka 98.